Mashine ya Kuni na Mkono wa Kushoto

Mume wangu ni mashoto. Alipokuwa mtoto, mama yake alikuwa akiufunga ule mkono kwa kamba kila wakati wa chakula, ili ajizoeze kutumia wa kulia kama watoto wengine. Akajizoeza. Mpaka leo anakula kwa mkono wa kulia, na kwa huo huo anasalimia watu. Mambo mengine yote aliyafanya kwa kushoto: kuandika, kupiga nyundo, kuchomelea vyuma, kukishika kichwa cha mtoto mchanga wakati wa kumwosha. Nilipoolewa ilinichukua muda kuzoea upande wangu wa kitanda, kwa sababu mkono aliopenda nilalie ulikuwa ule.

Alifanya kazi miaka mingi katika karakana ya kiwanda cha sukari, akitengeneza matrekta na matrela ya miwa. Kiwanda kiliposimama alirudi nyumbani, huku kwetu Ikolomani, mbele kidogo ya Iguhu, akiwa na sanduku la spana na ukimya mwingi. Mimi wakati huo nilikuwa tayari nauza kuni. Nilinunua mikaratusi ikiwa bado imesimama kwenye mashamba ya watu, nikaita mwenye msumeno aiangushe na kuikata magogo, halafu vijana wa shoka wakayapasua. Wateja wangu walikuwa majiko ya shule na nyumba zilizofiwa. Huku kwetu msiba unataka moto mkubwa, usiku na mchana, na anayeleta kuni huwa anajulikana na kila mtu. Vijana wa shoka wasipotokea, nilishika shoka mwenyewe.

Alasiri moja alinikuta nimelala sakafuni, bega limekataa kuinuka. Alichuchumaa, akanikanda kwa mafuta ya kupikia kwa sababu hatukuwa na dawa nyingine.

"Mama Watoto," akasema, "hili shoka litakumaliza. Nitakutengenezea mashine."

Nilicheka. "Mashine ya kupasua kuni?"

"Ya kupasua kuni. Wewe unasimama na nguo yako safi, unasukuma kijiti, gogo linapasuka."

Sikumwamini, lakini nilifurahi kumsikia akisema "nitatengeneza". Tangu arudi kutoka kiwandani alikuwa hajasema neno hilo.

Akaanza kukusanya vitu. Injini ya dizeli ilitoka kwa jirani aliyekuwa na kinu cha kusaga mahindi kilichokufa. Boriti nzito ya chuma aliipata kwa wauza vyuma chakavu mjini Kakamega, na huko huko akapata silinda ya tingatinga, lile bomba nene lenye mti wa chuma unaong'aa ndani yake, unaotoka na kurudi. Kabari aliitengeneza mwenyewe kwa chuma kigumu, akainoa hadi ikawa kama jembe jipya. Aliilaza boriti juu ya magurudumu ya trela kuukuu, akaifunga silinda upande mmoja na kabari upande wa pili. Ilipofika hapo, hata mimi niliweza kuona jinsi itakavyofanya kazi: gogo linalala katikati, mti wa silinda unalisukuma, kabari inalipasua.

"Hii ni mifupa tu," aliniambia. "Sasa tutie mishipa."

Mishipa ndiyo aliyoipenda. Alikuwa akinieleza jioni tukila, akichora mezani kwa kidole kilicholowa mchuzi. Oili inatoka kwenye tangi kupitia mpira mnene, inaingia kwenye pampu inayozungushwa na injini. Pampu inaisukuma hadi kwenye valvu, pale penye mkono wa kuongozea. Ukiusukuma mkono mbele, oili inaingia nyuma ya silinda na mti unatoka. Ukiuvuta, oili inaingia upande wa mbele na mti unarudi. Iliyomaliza kazi inapita kwenye filta, inarudi tangini kupumzika. Alikuwa akisema "kupumzika" kana kwamba anazungumzia ng'ombe.

Nilikuwa nikimsaidia Jumamosi. Alinifundisha kufuta kila fitingi, kile kiungo cha mpira, kwa kitambaa safi kabla ya kuifunga, kwa maana chembe moja ya mchanga inaweza kuua pampu. Alinifundisha kutotumia ile tepu nyeupe ya mafundi wa maji, kwa sababu vipande vyake hukatika na kuziba valvu. Alinionyesha mstari wa maandishi unaokwenda kwenye mpira kutoka mwanzo hadi mwisho. "Ukiona mstari umejizungusha, ujue mpira umejipinda. Fungua uanze tena." Halafu nati zenyewe: zilitaka spana mbili, moja ishike fitingi isizunguke, nyingine ikaze. Alikuwa akizishika zote mbili kwa wakati mmoja, mikono ikienda kinyume kama mtu anayekamua nguo, na uso wake ukiwa umetulia kabisa.

Mipira karibu yote ilikuwa mipya, iliyokatwa na kubanwa vichwa mjini. Mmoja tu ulikuwa wa zamani, ule uliokuja na silinda. Aliupindapinda, akauangalia kwenye mwanga, akaona hauna ufa. "Huyu bado mzima," akasema, akaufunga.

Siku ya kuijaribu ilikuwa Jumamosi mchana. Watoto walikuwa wamekwenda kwenye mazoezi ya kwaya. Nilivaa kitambaa changu kizuri kichwani, kwa mzaha, kwa sababu aliniahidi nguo safi. Injini iliwaka, moshi mweusi, halafu mweupe. Alisukuma mkono wa valvu na ule mti wa chuma ukatoka polepole, ukitetemeka, kwa maana silinda ilikuwa bado na hewa ndani. Akaurudisha, akautoa, akaurudisha, mpaka ukaacha kutetemeka. Tukaweka gogo. Likapasuka kwa sauti moja kavu. Alinigeukia, akapaza sauti juu ya injini, "Umeona? Umeona, Mama Watoto?"

Tulipasua magogo kadhaa. Halafu tukaleta moja lenye fundo kubwa, lililoshinda vijana wa shoka. Kabari iliingia kidogo ikakwama, na injini ikaanza kuguna. Hapo ndipo alipoona boriti imelowa upande wa chini, oili imetanda kama umande. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye injini. Hakuniambia nizime. Aliinama, akapitisha mkono wa kushoto polepole chini ya ule mpira wa zamani, akitafuta mahali inapovuja, kama mtu anavyotafuta upepo unaoingia chini ya mlango.

Aliutoa mkono ghafla na kuutikisa.

"Nini?" nikauliza, nikizima injini.

"Kama nyuki," akasema. "Kitu kimenidunga."

Tuliangalia. Katikati ya kiganja, chini ya kidole cha shahada, kulikuwa na alama ndogo kuliko ncha ya sindano. Hakukuwa na damu. Niliufuta mkono kwa kitambaa, nikauosha kwa sabuni. Alikuwa akicheka. Alisema mpira umetoboka kidogo tu, Jumatatu atakwenda mjini kutafuta mwingine. Tukaketi, tukanywa chai, akala viazi vitamu. Alisema kidole kimekufa ganzi, lakini hakiumi.

Jioni mkono ulianza kuvimba. Nilimwambia twende hospitali, akasema ni ule mchomo tu, kesho utapoa. Hakuna kati yetu aliyejua. Katika miaka yake yote kiwandani hakuwahi kuona mtu akipigwa na oili kwa namna ile. Alfajiri alikuwa akigumia kwa maumivu, na nilipowasha taa niliona kidole kimekuwa na rangi ya jivu na kiganja kimejaa, kigumu, kinang'aa. Nilimwita mtu wa bodaboda, tukapanda wote wawili, mume wangu katikati, mimi nyuma nikiushikilia mkono wake juu ya bega langu.

Daktari aliyetupokea alikuwa msichana mdogo, mpole. Aliitazama ile alama kwa muda, halafu akauliza, "Ilikuwa mashine gani?"

"Ya kupasua kuni. Tumeiundia nyumbani."

"Oili ilikuwa na presha?"

Mume wangu akaitikia kwa kichwa. Sura ya yule daktari ilibadilika. Alituambia kwamba tundu ni dogo, lakini oili ikitoka kwa nguvu ile inaingia chini ya ngozi na kusambaa, inafuata mishipa hadi kwenye kifundo cha mkono, na kila mahali inapofika inaua nyama. Wangempasua mkono mara moja waisafishe. Nilitaka kumwambia kwamba ni nukta tu, mtoto akichomwa na mwiba wa ndimu anatoka damu zaidi ya hiyo. Walimchukua.

Walikisafisha kiganja, wakakiacha wazi, wakarudia kukisafisha. Walikata kidole cha shahada. Kisha cha kati. Kila mara nilikuwa nikiambiwa kwenye ujia, na kila mara niliingia kwake nikiwa nimekwisha kulia, ili asinione. Mwishowe yule daktari alikuja akaketi nami kwenye benchi, akanishika goti, na nikajua kabla hajafungua mdomo. Waliukata juu kidogo ya kifundo.

Mama mkwe wangu alikuwapo siku hiyo. Muuguzi alipotuuliza kama jamaa wangependa kuuchukua mkono au hospitali iushughulikie, mimi nilitazama ukuta. Mama akasimama.

"Nipeni," akasema. "Ni wa mtoto wangu."

Walimpa, umefungwa vizuri. Aliupakata mapajani, akaketi hivyo kwa muda mrefu, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Ndio huu nilikuwa nafunganga kamba. Alikuwa analia. Mimi namwambia, kula." Alikwenda nao kwake peke yake, akauzika nyuma ya jiko lake. Hakuita mtu wa kanisa. Hakutuonyesha mahali.

Mume wangu aliporudi nyumbani alikuwa mtu mwenye adabu nyingi mno. Aliniambia "asante" kwa kila kitu, kama mgeni. Nilimfunga vifungo vya shati, asante. Nilimkatia kucha za mkono wa kulia, asante. Aliweza kula, kwa sababu ya zile kamba za utotoni, na watu waliokuja kutuona walimsifu jinsi anavyokula vizuri. Alikuwa akitabasamu. Wakishaondoka aliketi mlangoni akiitazama mashine uani, imefunikwa kwa turubai.

Siku moja nilirudi kutoka sokoni nikakuta mtu wa vyuma chakavu amesimama kando ya mashine, ana mizani.

"Nani amekuita?" nikamuuliza.

"Mimi," akasema mume wangu kutoka mlangoni. "Aibebe."

"Haibebwi."

"Mama Watoto, hiyo kitu imenikula mkono."

"Na ndiyo itatulisha," nikasema. "Vijana wote wa shoka wamekwenda kuendesha pikipiki. Shule zinaniuliza kuni. Bega langu unalijua. Unataka nifanye nini?"

Yule mtu alichukua mizani yake akaondoka taratibu, bila kuaga.

"Basi imalizie mwenyewe," akasema mume wangu, akaingia ndani.

Nikaimalizia. Niliufungua ule mpira wa zamani, nikaupeleka mjini wanikatie mwingine wa urefu ule ule. Fundi aliyeubana aliniuliza nini kiliufanya, nikamweleza. Akasema, "Mama, uvujaji hautafutwi kwa mkono. Shika kipande cha boksi, upitishe boksi." Alisema kwa upole. Nilitoka nikasimama kando ya barabara na mpira mpya mkononi, watu wakinipita, nikalia kama mtu aliyeibiwa. Kipande cha boksi. Tulikuwa na maboksi matupu jikoni siku ile, ya sabuni na ya vifaranga.

Kuufunga ule mpira kulinishinda. Nilishika spana moja kwenye fitingi na nyingine kwenye nati, lakini mikono yangu haikujua kwenda kinyume. Nikikaza huku, kule kunafunguka, na mstari wa maandishi unajizungusha. Nilifungua, nikaanza tena. Nilipoinua uso nilimwona amesimama nyuma yangu. Sijui alikuwa hapo tangu lini.

Alichuchumaa, akachukua spana ya kwanza kwa mkono wa kulia, akaibana kwenye fitingi, akaegemeza kile kigutu chake kwenye boriti ili asiyumbe.

"Kaza sasa," akasema.

Nikakaza.

"Polepole. Usiiue nati. Sasa simama. Angalia mstari."

"Umenyooka."

"Haya. Twende upande wa pili."

Tulikuwa karibu hivi kwamba nilisikia pumzi yake shingoni. Mkono wake wa kulia haukuwa na nguvu za ule mwingine, na jasho lilikuwa likimtiririka puani lakini hakuwa na mkono wa kulifuta. Nilimfuta kwa leso yangu. Hakusema asante. Nilidhani basi, tumerudi. Nilidhani mume wangu amerudi kutoka hospitali siku hiyo.

Tulijaza oili. Nilishika kipande cha boksi. "Washa," akasema.

Niliizungusha injini ikawaka. Nikasukuma mkono wa valvu, mti ukatoka, ukarudi, ukaacha kutetemeka. Nikapitisha boksi chini ya kila mpira na kila nati, nalo likabaki kavu. Niligeuka nimwambie, nikiwa na furaha usoni, nikamkuta ameketi chini kwenye vumbi la mbao, amekumbatia kigutu kifuani, meno yameuma mdomo. Nikazima haraka.

"Kinauma," akasema. "Kidole. Kile cha shahada."

"Baba Watoto, hicho kidole..."

"Najua hakipo. Kinauma."

Tulidhani ni siku hiyo tu. Haikuwa siku hiyo tu. Kila injini ilipowaka, mkono ule usiokuwapo ulimchoma, mwanzo kama nyuki, kisha kama maji ya moto, na ulipoa injini ilipozimwa. Alijaribu kukaa ndani na kufunga madirisha. Alijaribu kwenda mtoni, akasema sauti inafika mpaka huko, haikatiki hadi uvuke daraja. Tulirudi hospitali. Walitueleza kwamba jambo hilo lipo, linawapata wengi waliokatwa viungo, wakampa vidonge. Vidonge vilimlaza tu. Alikuwa akiamka macho yamevimba, anauliza, "Umemaliza?" Nami nilikuwa nimeahidi kuni za shule hadi Ijumaa, na mashine ilikuwa ikipasua kwa asubuhi moja kuni ambazo shoka lilikuwa likizitaka wiki nzima. Watu walianza kuiita mashine ya mama. Walikuja kuitazama, wakaipiga picha kwa simu. Mmoja aliuliza, mume wangu akiwapo, nani ameiunda. Nilisema, "Mume wangu." Yule mtu akamtazama, akatazama kile kigutu, akadhani namfanyia utani.

Nilimwambia niiuze, niiuze kweli safari hii. Tulikuwa tumeketi jikoni, na nilikuwa nimemaanisha.

"Halafu?" akauliza.

"Halafu ninarudi kwenye shoka."

"Kwa bega gani?" Alitikisa kichwa. "Kitu niliahidi nilifanya. Usikiuze."

Dada yake ameolewa upande wa Isecheno, karibu kabisa na msitu. Ana kitalu cha miche ya miti. Yeye ndiye aliyesema, "Mulamwa, mlete kwangu siku za kazi. Huku hakuna injini." Mulamwa ndivyo tunavyoitana sisi mawifi. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa. Mume wangu alinifuata.

"Sina hasira na wewe," akasema.

"Najua."

"Nikikaa hapa nitaichukia. Nikishaichukia, nitakuchukia wewe unayeiwasha. Sitaki kufika huko."

Alikwenda na mfuko mdogo, nguo zake na redio. Nilimwona akiondoka kama mtu anayekwenda kazini, na labda ndivyo alivyotaka nione. Kule anajaza udongo kwenye mifuko ya miche. Anaubana mfuko kwa magoti, anajaza kwa mkono wa kulia. Dada yake anasema ni mwepesi, na kwamba siku nyingine anaimba. Hapa kwangu haimbi.

Sasa tunaishi hivyo. Injini huzimwa Jumamosi adhuhuri, naye hufika jioni, ana harufu ya udongo mbichi. Huwauliza watoto habari za shule. Jumapili tunakwenda kanisani, tunapika kuku tukimpata, na usiku ninalala kwenye mkono wake wa kulia, ambao hakuuzoea uzito wa kichwa changu, unakufa ganzi mapema, naye anautoa polepole akidhani nimelala. Watu wengine husema tumeachana. Wengine husema ana mke mwingine kule msituni. Mama mkwe wangu hasemi kitu, ila akija huleta mboga, na huondoka kabla hajamwona mwanawe akila.

Jumatatu asubuhi ananywa chai amesimama. Nampa mfuko, ananishika bega, anaondoka kupitia kwenye mihindi. Watoto wanakwenda shule. Wasaidizi wangu wanafika, wanapanga magogo, wanaketi juu yake. Wanajua hatuanzi bado. Mimi ninasimama kando ya mashine na simu mkononi, mkono mwingine kwenye injini iliyo baridi, hadi simu inapolia.

"Nimevuka daraja," ananiambia. Nasikia pikipiki ikinguruma nyuma yake. "Washa tu."